Kapu la Tecla na Mtu Anayeitwa Wastani

Septemba 20, Jumatano
Zamani kila jioni nilikuwa namsimulia mke wangu Tecla habari za siku. Yeye alikuwa akichambua maharage bila kuniangalia, na nikikosea jina la mtu ananisahihisha. Tangu Aprili hakuna wa kunisahihisha. Ndiyo maana naandika. Nikikosea, litabaki kosa.

Mvua bado. Jumapili tunapiga kura ya zamu. Kikundi chetu cha kulimiana kina nyumba kumi hapa Keza. Kila vuli na kila masika tunalima shamba la huyu, kisha la yule, Jumanne na Ijumaa, na anayetangulia ni kura inayomchagua. Aliyepata moja anapanda na mvua ya kwanza. Aliyepata kumi anapanda akiomba Mungu. Kura zenyewe ni vizibo kumi vya soda, vimekwaruzwa namba kwa msumari, na vinakaa ndani ya kapu dogo la mfuniko alilosuka Tecla. Yeye ndiye aliyekuwa akilitikisa. Sasa wamesema nitikise mimi.

Septemba 22, Ijumaa
Mvua bado. Nimelitikisa kapu kidogo kujizoeza. Si kazi ngumu.

Septemba 24, Jumapili
Ni kazi ngumu.

Tatizo lilianzia kanisani. Matangazo husomwa na Nahimana, ambaye ni mmoja wetu kikundini. Ana sauti nzuri kabisa, ila kwake r na l ni mapacha, ukimwita mmoja anaweza kuja mwingine. Leo amesimama mbele ya watu wote akasoma: "Reo baada ya misa kutakuwa na kula ya zamu nyumbani kwa mzee Flednand. Wahusika wote mfike."

Mimi sikushtuka, maana nimemzoea. Lakini watu walisikia kwamba mjane wa kiume amepika, na kwa kuwa tangu mazishi sikuwa nimewaita, kila mtu akajiona mhusika. Mama mmoja mgeni wa kutoka Nyakisasa alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akasema, "Umefanya vizuri kutukumbuka, baba." Nikamwambia karibu. Ningesema nini?

Nilipofika nyumbani, ua ulikuwa umejaa. Scolastica, mwenyekiti wetu, alinivuta pembeni.

"Mzee, umepika nini?"

"Maharage."

"Kiasi gani?"

"Ya kwangu."

Akaingia jikoni, akafunua sufuria, akaifunika tena haraka kama mtu aliyeona kitu asichopaswa kuona. "Leta panga," akasema.

Tukakata mikungu mitatu ya ndizi nyuma ya nyumba. Wanawake wakamenya, wanaume wakapasua kuni, mtu akaleta dagaa, mwingine chumvi. Nahimana alikuwa anazunguka kwa kila kundi akijitetea: "Jamani, nilisema kula! Sikusema kula!" Kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kukaa.

Walikula, na sikujuta. Mzee mmoja alisimama akamshukuru Mungu kwa maisha ya Tecla, na ilikuwa hotuba nzuri kuliko ile ya mazishi, maana safari hii alikuwa ameshiba.

Wageni walipopungua tukapiga kura. Nilitikisa, nyumba zote kumi zikachota. Jirani yangu Audax akafungua kiganja, akakitazama kizibo muda mrefu.

"Sita," akasema.

"Tisa," akasema Scolastica.

"Ukikigeuza ni sita."

"Marehemu aliweka mstari chini ya tisa, ili watu kama wewe wasikigeuze."

"Watu kama mimi!" Audax akasimama. "Vuli iliyopita nilipata ngapi? Tisa. Maharage yangu yalioza yakiwa maua. Leo ngapi? Tisa. Nimerudiwa!"

Kurudiwa ndilo neno letu. Ni mtu kupata zamu ileile aliyoipata msimu kama huo uliotangulia, vuli kwa vuli, masika kwa masika. Audax akaanza kutaja. Masika alirudiwa Scolastica. Kabla yake alirudiwa Malongo. Kabla yake mtu mwingine. "Tunachanganywa watu kumi, na kila msimu kuna mmoja anarudi palepale. Kila msimu! Hilo kapu linachagua."

Kisha akanigeukia. Audax ana adabu hata akiwa na hasira.

"Shikamoo mzee."

Tulikuwa tumesalimiana tangu asubuhi. "Marahaba," nikasema.

"Sisemi vibaya. Nasema tu kwamba mkeo alikuwa anajua anachokifanya."

Restituta, mkewe, alimvuta shati kwa nguvu kiasi kwamba kifungo kilitoka. Hakuna aliyecheka. Audax akasema kama jambo hili halijaelezwa, nyumba yake inatoka kikundini, na wawili wengine wakatazama chini kama watu wanaotaka kumfuata. Tumekubaliana hakuna kulima mpaka lieleweke. Kwa kuwa mvua haijaja, kubishana hakutugharimu kitu.

Kikundi kikivunjika, shamba langu naweza kulima hata nusu, nikala nusu. Lakini jina la Tecla sitaki libaki nusu.

Septemba 25, Jumatatu
Mvua bado. Nimeosha vyombo. Kuna vijiko viwili si vyangu.

Septemba 26, Jumanne
Audax amepita njiani. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Ameangalia mikono yangu.

Septemba 27, Jumatano
Mvua bado. Nimefanya jambo. Nimelitikisa kapu, nikachota vizibo kimoja kimoja, nikavipanga mezani kuanzia kushoto, mahali pa kwanza ni pa aliyekuwa wa kwanza vuli iliyopita, pa pili pa aliyekuwa wa pili. Kizibo cha kwanza kikiwa moja, amerudiwa. Cha pili kikiwa mbili, amerudiwa. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

Amerudiwa mmoja. Nne ilikaa mahali pa nne.

Nikaogopa. Nikafunika kapu nikaenda kuangalia mbuzi, ambao walikuwa hawajaniita.

Septemba 28, Alhamisi
Nimejaribu tena. Hakuna aliyerudiwa. Nikafurahi sana, nikajaribu tena ili nifurahi zaidi. Wawili.

Septemba 29, Ijumaa
Mmoja. Hakuna. Mmoja. Watatu! Hakuna. Kisha radi upande wa Burundi, lakini ilibaki hukohuko.

Kinachonishangaza ni hiki. Meza ni yangu, mkono ni wangu, Tecla hayupo, na bado kapu linafanya vilevile. Ama hakuwa na hatia, ama yupo. Nimeona yote mawili yananifaa, nikalala vizuri.

Oktoba 1, Jumapili
Mvua bado. Tumekutana kwa Scolastica. Nimemwomba Mwalimu Iteka azungumze. Anafundisha hesabu sekondari na naye ni nyumba ya kikundi, mwaka jana alipanda wa kumi na hakulalamika.

Mwalimu akasema, "Hakuna aliyeiba. Mtu yeyote kati yetu ana nafasi moja katika kumi ya kurudiwa. Ni ndogo. Lakini tuko kumi, na kila mmoja ana hiyo nafasi yake ndogo. Zikusanyeni zote kumi. Mnapata ngapi?"

"Moja," akasema Restituta.

"Basi. Kwa wastani, kila msimu anarudiwa mtu mmoja. Mara nyingine hakuna, mara nyingine wawili. Lakini wastani ni mmoja."

Audax akainua mkono. "Huyo Wastani ni nani?"

"Si mtu, baba."

"Umesema ni mmoja."

"Ni hesabu. Ukipiga kura mara nyingi sana, ukajumlisha, ukagawanya..."

"Mimi sijapiga kura mara nyingi sana. Nimepiga mara moja na maharage yameoza. Wastani anaishi wapi? Kwa nini hamtembelei Scolastica?"

"Masika alinitembelea," akasema Scolastica. "Nilinyamaza."

Hapo Malongo akatoa wazo. Malongo ni Msukuma aliyehamia hapa akitokea Biharamulo, na dada yake yuko kwenye kikundi cha kulimiana huko Kaniha. "Kule wako nyumba arobaini," akasema. "Kama hapa kumi analudiwa mmoja, kule razima wawe wanne. Wakiwa wanne, kapu retu ni safi."

"Hapana," akasema Mwalimu. "Kule pia ni mmoja."

Watu walicheka mpaka kuku wakaondoka. Mwalimu akajitahidi: nafasi ya kila mtu kule ni finyu zaidi, moja katika arobaini, lakini watu nao ni arobaini, kwa hiyo wakijumlishwa wanarudi kwenye mmoja. Hata wangekuwa wilaya nzima ya Ngara, bado mmoja. Nikaona uso wa kila mtu ukifungwa kama duka.

Malongo akampigia dada yake, akaweka sauti ya juu. Wakasalimiana, wakaulizana habari za ng'ombe wote. Kisha akauliza kura ya vuli hii imerudia watu wangapi.

"Mmoja," ikasema simu. "Mzee mmoja mkorofi. Amekasirika, hataki kuja kulima."

Mwalimu akafungua mikono kama kusema mmeona. Lakini Audax alikuwa amesharuka. "Mmesikia! Hata Kaniha wanamwonea mtu mmoja! Huu ni mtandao!"

Oktoba 2, Jumatatu
Mawingu. Basi.

Oktoba 4, Jumatano
Manyunyu asubuhi, vumbi halikulala hata. Watu wameanza kuangalia majembe yao, na hapo Mwalimu akapata njia ya kuwaonyesha. Kila nyumba ilete jembe moja. Tuyarundike chini ya turubai, tuyachanganye, kila mtu afumbe macho, apitishe mkono chini ya turubai, avute moja. Aliyevuta lake ndiye aliyerudiwa. "Mtaona wenyewe," akasema. "Mmoja hivi, wawili, au hakuna."

Tukafumba macho. Tukavuta. Tukafumbua.

Watu kumi, na kila mtu ameshika jembe lake.

Mwalimu aliligeuzageuza la kwake, ambalo ndilo pekee lililombakia. Ni mtu wa kutoka mjini kidogo, hakujua kwamba mpini ulioushika miaka yote hiyo unaujua gizani. Langu lina kibonde cha kidole gumba. La Malongo limefungwa mpira wa baiskeli. Restituta, aliyeivutia nyumba yake, alisema lao alilijua kwa harufu, na hata hakupapasa.

"Wastani ni kumi!" akapiga kelele Audax. "Kumi! Andika, mwalimu!"

Tulicheka wote, na Mwalimu Iteka alicheka kuliko sisi mpaka akakaa chini. Nadhani ni kicheko hicho kilichofanya kazi ambayo hesabu ilishindwa, maana baada yake watu walikubali kukaa na kujaribu kwa vizibo, kama mchezo. Nilikwenda kuchukua kapu. Tulirudia na kurudia mpaka jua likainama, kila mtu akitikisa kwa zamu. Wakati fulani kura tatu mfululizo hazikumrudia mtu, Nahimana akasema, "Wastani amerara." Kisha wakarudiwa watatu kwa mpigo, akasema, "Amekuja na ndugu zake." Mwalimu aliweka punje ya mahindi kwa kila aliyerudiwa na punje ya maharage kwa kila kura. Mwishoni mahindi yalikuwa ishirini na moja na maharage ishirini.

"Hata wewe unavyosema," Mwalimu akamwambia Nahimana, "nimekuwa nasikiliza. Neno likiwa na r na l nne, kwa kawaida mbili unazipatia na mbili unazikosa. Siku nyingine zote nne unazipatia."

"Rini?" akauliza Nahimana.

Audax hakucheka hapo. Alikuwa anatazama punje. Akasema polepole, "Sawa. Kapu likishikwa na wengi linafanya hivyo. Sijui lilifanya nini likishikwa na mmoja." Kisha akaniangalia. "Jumapili turudie kura. Nitikise mimi. Kama hatarudiwa mtu, mzee Frednand, unajua maana yake."

Nilijua: angesema Tecla ndiye aliyekuwa akiwarudia watu. Na nilijua pia kutoka mezani kwangu kwamba mara nyingi tu hakuna anayerudiwa, pasipo sababu yoyote. Yaani jina la Tecla limewekwa kwenye kura. Nikasema, "Sawa."

Kwa nini nilisema sawa?

Oktoba 6, Ijumaa
Mvua bado. Mwalimu amekuja kunilaumu kwa upole. Anasema kura moja haithibitishi kitu, iwe hivi au vile. Nikamwambia najua. Akauliza, "Sasa, baba, ulikubali kwa nini?" Nikamwambia Audax aliyeelezwa tu atabaki na kosa lake kichwani, lakini Audax aliyelitikisa kapu atakuwa na mikono iliyolitikisa. Sikujua ninachosema. Alikunywa uji, akaondoka.

Oktoba 7, Jumamosi
Sikufanya kitu. Nilisuka sehemu ya mfuniko iliyoachia.

Oktoba 8, Jumapili
Nahimana hakuruhusiwa kutangaza. Scolastica alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Tukakutana kwangu. Mawingu yalikuwa meusi upande wa Rulenge na upepo unanukia udongo. Audax alivaa shati la misa. Nikampa kapu. Alilishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wenyewe, akalitikisa juu, akalitikisa chini, akazunguka nalo ua mzima, akalitikisa tena. Malongo akasema vizibo vitayeyuka.

Tukachota. Audax akachota wa mwisho ili pasiwe na maneno, akashika kilichobaki chini.

Scolastica akaanza kusoma. Nahimana alipata tatu, na vuli iliyopita alikuwa na tatu. Amerudiwa. Malongo alipata saba, na vuli iliyopita alikuwa na saba. Amerudiwa. Mimi nimepata tisa, ile ya Audax. Wengine wakasomwa. Kisha Audax akafungua kiganja.

Moja.

Wote tukainama kukitazama kizibo. Halafu Malongo akasema, taratibu, "Aha."

"Aha nini?" akauliza Audax.

"Mtikisaji amepata moja."

"Nimechota wa mwisho! Mmeona!"

"Na wawili tumeludiwa," akasema Nahimana. "Wakati wa marehemu alikuwa mmoja. Wewe umeongeza."

"Ulizunguka nalo nyuma ya ndizi," akasema mtu mwingine. "Nyuma ya ndizi ulifanya nini?"

"Nilikuwa natikisa!"

Hata Restituta alimtazama mumewe kwa jicho la kumkagua mfukoni. Audax akaingia katikati ya ua, jasho linatoka, kapu kifuani. Nami nikasikia haya, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Sikilizeni! Kila mtu ana nafasi moja katika kumi! Tuko kumi! Kumi mara moja ya kumi ni ngapi? Ni Wastani! Lakini Wastani si lazima aje peke yake, leo amekuja na ndugu yake, Mwalimu alisema, punje si mliziona? Mimi nimefanya nini? Mimi nimetikisa tu! Mtu akitikisa ametikisa! Kapu hili halina kosa! Halijawahi kuwa na kosa! Aliyelishika zamani hakuwa na kosa, na mimi sina kosa!"

Akanyamaza, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka nyuma yake. Watu wote wakanitazama. Mwalimu Iteka aliangalia juu mawinguni akijifanya anasubiri tone.

Scolastica akasema, "Andikeni. Moja ni Audax. Jumanne tuko kwake."

Hakuna aliyetoka kikundini. Audax aliondoka na kapu bila kujua kwamba bado amelishika, nami sikumwita.

Oktoba 9, Jumatatu
Mvua. Mvua kubwa tangu alfajiri. Nilisimama mlangoni nikanyoosha mkono, kisha nikarudi kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia imekuja.

Oktoba 10, Jumanne
Tumelima kwa Audax. Udongo umelainika vizuri, jembe linaingia lenyewe. Tumemaliza upande wote wa juu na nusu ya chini. Lakini maneno! Kutwa nzima walimtania. Akiomba maji, "Mpeni, yeye ni wa kwanza." Akiinua mgongo, "Nyuma ya ndizi ulifanya nini?" Nahimana alimtungia wimbo wenye r nyingi, akazikosea zote. Mwanzoni Audax alicheka nao. Saa sita hakucheka tena. Jioni alikuwa anapanda maharage yake ya mvua ya kwanza, zamu aliyoitamani miaka yote, akiwa na uso wa mtu anayezika.

Oktoba 11, Jumatano
Audax amekuja mchana, mvua ilipopumzika. Shikamoo, marahaba. Amekaa kwenye benchi. Amekataa chai, kisha akainywa.

"Mzee," akasema, "nikuulize kitu. Watu walipokuwa wanamsema, mama yule alifanyaje?"

Muda huu wote nilikuwa na majibu tayari kwa ajili ya Audax, makali mengine. Hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu Aprili. Watu huniuliza kama nakula.

Nikamwambia. Kila baada ya kura alikuwa anarudi nyumbani, anajifunga kitenge kichwani, anasema watu wamemchosha, na hatikisi tena. Analala mapema. Asubuhi yake anaamka kabla yangu, na nyumba ya kwanza anayokwenda kusalimia ni ya yule aliyemkasirikia zaidi.

Audax akaweka kikombe chini.

"Vuli iliyopita alikuja kwangu," akasema. "Asubuhi na mapema, umande bado. Nilidhani anakuja kuona kama nimegundua."

"Hapana. Alikuja kukusalimu."

"Nilimjibu nikiwa ndani."

"Aliniambia. Alisema una mafua."

Ndizi zilikuwa zinadondosha maji. Akauliza, "Alikuwa anasema nini akifika? Kuhusu kura?"

"Hasemi kitu kuhusu kura. Anauliza habari za kuku."

Akafikiri. "Anayenisema zaidi ni Malongo. Malongo hana kuku."

"Ana mbuzi."

Audax akasimama, akatazama wingu, akakunja suruali. Akasema aende sasa kabla mvua haijarudi. Alipopita kwenye ndizi nilimsikia anajizoeza peke yake, mara kwa sauti ya juu, mara kwa upole: "Mbuzi hawajambo? Hawajambo mbuzi? Malongo, mbuzi wako je?"